SPARTA kwa wimbi la mshtuko kwenye agoni: bure, makini, ila haikubembelezi

SPARTA ni programu ya maabara ya taifa ya Sandia, Marekani, ya kukokotoa mwendo wa gesi hafifu. Haitatui milinganyo ya gesi kama kitu kimoja kinachotiririka. Inarusha chembe nyingi, inazisogeza, kisha inazigonganisha kwa kubahatisha ndani ya seli ndogo ndogo. Njia hiyo, maarufu kwa herufi DSMC, aliianzisha Graeme Bird mwaka 1963, na muundo wa wimbi la mshtuko, yaani tabaka jembamba ambamo gesi iliyozidi kasi ya sauti inapunguzwa mwendo na kupata joto ghafla, umekuwa mtihani wake karibu tangu mwanzo. Programu ni ya bure, leseni yake ni GPL, na msimbo wote uko wazi.

Tathmini hii inahusu kazi moja tu: kupata sura ya ndani ya wimbi la mshtuko lililosimama kwenye agoni, Mach 8 (mara nane ya kasi ya sauti). SPARTA imetengenezwa kwa ajili ya vyombo vinavyorudi kutoka anga za juu na kompyuta zenye maelfu ya viini, kwa hiyo kuipa tatizo la mstari mmoja ni kama kukodi lori libebe debe moja la maji. Lori litafika, na maji hayatamwagika. Lakini dereva inabidi uwe wewe, na kuna mashimo manne au matano barabarani ambayo mwongozo umeyataja kwa sentensi moja moja tu.

Kwanza, kwa nini mtu ahangaike na chembe? Kwa sababu unene wa wimbi lenyewe ni njia huru za wastani chache tu (njia huru ni umbali ambao molekuli inasafiri kati ya mgongano mmoja na mwingine), kati ya 3 na 5 hivi kwa agoni kwenye namba kubwa za Mach. Molekuli inavuka wimbi zima baada ya kugongana mara chache, kwa hiyo haipati nafasi ya kutulia kwenye halijoto ya mahali ilipo. Milinganyo ya Navier-Stokes, ile ya kawaida ya gesi kama kitu kinachotiririka, inadhani imetulia, na ndiyo maana kuanzia Mach 2 hivi kwenda juu inatoa wimbi jembamba kuliko lile linalopimwa maabara. Momenti 13 za Grad, milinganyo iliyopanuliwa zaidi ya hiyo, zinakwama mapema: juu ya Mach 1.65 hazitoi tena mchirizo (mstari wa thamani kukatiza wimbi) usiokatika. Mott-Smith mwaka 1951 alichanganya mgawanyo wa kasi za molekuli wa upande wa kabla ya wimbi na ule wa upande wa baada yake, akapata jibu zuri kwa mistari michache ya hesabu. Jibu hilo bado lina manufaa kama kianzio, lakini mgawanyo halisi wa kasi katikati ya wimbi si mchanganyiko wa hizo mbili tu.

Usakinishaji hauna shida kwa mtu wa Linux. Unahitaji kompaila ya C++, na MPI (maktaba ya kugawa kazi kati ya viini) kama unataka viini zaidi ya kimoja. Ingia folda ya `src`, andika `make serial` au `make mpi`, utapata `spa_serial` au `spa_mpi`. Kwenye Windows njia nyepesi ni kupitia WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Hakuna dirisha la kubofya wala vitufe. Kila kitu kinaandikwa kwenye faili moja la amri, na aliyewahi kutumia LAMMPS, programu nyingine ya Sandia ya mwendo wa molekuli, atajiona yuko nyumbani. Kifurushi cha kadi ya michoro kipo, ila kwa kazi hii usijisumbue nacho: chembe laki moja ni chache mno kwa kadi, na muda wa kukikompaili utazidi muda utakaouokoa.

Sasa namba. Chukua agoni ya 300 K yenye molekuli 1e21 kwa mita ya ujazo, yaani kanieneo ya takribani 4.1 Pa. Kasi ya sauti ni 322.6 m/s, hivyo Mach 8 ni 2580.7 m/s. Kwa masharti ya Rankine-Hugoniot, yaani kanuni zinazounganisha hali ya gesi kabla na baada ya wimbi, upande wa baada msongamano unapanda mara 3.821, kasi inashuka hadi 675.4 m/s, na halijoto inapanda mara 20.87 hadi 6261.6 K. Njia huru ya upande wa kabla ni 1.33 mm. Ya upande wa baada ni 0.9 mm hivi, na hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa seli. Kisanduku cha sentimita 8 chenye seli 400 kinatoa seli za 0.2 mm, chini ya robo ya njia huru iliyo fupi zaidi. Hatua ya muda ya 2e-8 s inaisogeza molekuli ya mkondo wa kabla robo ya seli, na ni kama moja ya ishirini na tano ya muda kati ya migongano upande wa baada. Usiipandishe kwa tamaa ya kumaliza haraka. Seli kubwa na hatua ndefu zote zinaongeza mnato wa uongo, na wimbi linanenepa bila programu kutoa onyo lolote.

SPARTA haina hali ya mwelekeo mmoja. Unatumia ile ya miwili, ukiweka seli moja tu kwa y na kuta zinazoakisi. Kina cha z kinahesabiwa kama mita 1, jambo linalowachanganya wengi wanapopanga `fnum`, idadi ya molekuli halisi zinazowakilishwa na chembe moja. Ujazo wa seli hapa ni 0.0002 × 0.001 × 1 = 2e-7 m³, una molekuli halisi 2e14, hivyo `fnum` ya 2e12 inatoa chembe 100 kwa seli upande wa kabla na 382 upande wa baada. Jumla ni chembe 96,400 hivi.

```
seed            48271
dimension       2
boundary        os r p
create_box      0 0.08 0 0.001 -0.5 0.5
create_grid     400 1 1
global          nrho 1e21 fnum 2e12
species         ar.species Ar
mixture         kabla Ar nrho 1e21 vstream 2580.7 0 0 temp 300
mixture         baada Ar nrho 3.821e21 vstream 675.4 0 0 temp 6261.6
collide         vss kabla ar.vss
region          kushoto block 0 0.04 INF INF INF INF
region          kulia block 0.04 0.08 INF INF INF INF
create_particles kabla n 0 region kushoto
create_particles baada n 0 region kulia
balance_grid    rcb part
fix             ingizo emit/face kabla xlo
surf_collide    pistoni piston 675.4
bound_modify    xhi collide pistoni
timestep        2e-8
stats           1000
stats_style     step cpu np
run             20000
```

Mistari miwili inastahili neno. `balance_grid rcb part` inagawa kazi kwa idadi ya chembe badala ya idadi ya seli. Bila `part`, kiini kinachoshika nusu ya kulia kitabeba karibu asilimia 79 ya chembe zote huku mwenzake akisubiri. Wa pili ni `surf_collide piston`. Mpaka wa kulia unapita gesi iliyo chini ya kasi ya sauti, kwa hiyo huwezi kuuacha wazi tu. Gesi itavuja, kanieneo itashuka na wimbi litakokotwa hadi litoke nje. Pistoni inauchukulia mpaka kama ukuta unaorudi nyuma kwa kasi uliyoipa: molekuli inayouwahi inarudishwa, isiyouwahi inafutwa. Njia nyingine ni kuweka mpaka wa wazi na kuingiza chembe kutoka kulia kwa `emit/face baada xhi`. Inafanya kazi, ila inatikisa idadi ya chembe zaidi.

Mkondo unachukua kama mikrosekunde 75 kupita kisanduku kizima, sawa na hatua 3,700 hivi. Hatua 20,000 za mwanzo zinatosha kufuta kumbukumbu ya ule mpaka mkali wa kuanzia uliouweka katikati, kati ya gesi ya kushoto na ya kulia. Baada ya hapo ndipo unaanza kukusanya wastani:

```
compute  g grid all all nrho u usq vsq
fix      w ave/grid all 10 100 1000 c_g[*] ave one
dump     d grid all 1000 wimbi.*.txt id xc f_w[*]
run      200000
```

Sasa mashimo yenyewe.

La kwanza linanasa karibu kila mgeni. `compute grid` ina kipimo kiitwacho `temp`, na jina linakuvuta ukitumie. Usikitumie. Kinakokotoa halijoto kutoka nishati yote ya mwendo, pamoja na mwendo wa mkondo mzima. Upande wa kabla, ambako unajua kabisa gesi ni 300 K, utaona karibu 10,970 K. Ukikutana na namba hiyo, ujue hujavunja fizikia, umechagua kipimo kisichokufaa. Kuna `compute thermal/grid` inayoondoa kasi ya mkondo. Kwa wimbi la mshtuko, hata hivyo, ni bora kuhifadhi `u` (wastani wa kasi ya x) na `usq` (wastani wa mraba wake) kama hapo juu na kutoa mwenyewe, kwa sababu utahitaji halijoto ya mwelekeo wa x peke yake: Tx = m(usq − u²)/k, ambapo m ni masi ya molekuli na k ni kisobadilika cha Boltzmann.

Na hiyo Tx inakupa kipimo kizuri cha uaminifu wa jibu zima, kipimo ambacho wengi hawakitumii. Kwa wimbi lililosimama, wingi na momentamu vinavuka kila seli bila kubadilika. Kutokana na hayo mawili, Tx inafungwa na msongamano moja kwa moja, bila kujali modeli ya mgongano uliyoichagua. Kwa Mach 8 lazima Tx ipande hadi mara 1.30 ya halijoto ya mwisho, yaani karibu 8,150 K, na kilele hicho lazima kiwe pale ambapo msongamano umefika mara 1.98 ya ule wa kabla. Kama kilele chako ni mara 1.25 au kimehama, usianze kubishana kuhusu modeli za molekuli. Ama wimbi lilikuwa linatembea wakati wa kukusanya wastani, ama hesabu ya wastani yenyewe ina kasoro. Halijoto ya jumla nayo inaweza kuizidi kidogo ile ya mwisho, kama asilimia 1, kabla ya kutulia. Ukiuona mvimbo huo bila makelele, takwimu zako zimeiva.

Shimo la pili, na hapa ndipo SPARTA inapoteza alama kwangu, ni kutembea kwa wimbi. Hakuna kinacholishikilia mahali pake. Idadi ya chembe ndani ya kisanduku inapanda na kushuka kwa bahati nasibu, na tofauti kati ya seli ya kushoto na ya kulia ni chembe 282. Kwa hiyo chembe 1,000 zikizidi, wimbi limesogea seli tatu na nusu kwenda kushoto, yaani 0.7 mm. Unene wa wimbi hapa ni kama 6 mm. Ukichukua wastani mmoja mrefu wa hatua 200,000, unachopata ni picha ya kitu kilichotikisika, na unene unaongezeka kwa asilimia kadhaa. Programu ndogo za Bird za mwelekeo mmoja zilikuwa na utaratibu wa kulituliza wimbi. Hapa utajitengenezea mwenyewe.

Dawa si ngumu. Ndiyo sababu amri ya `fix` hapo juu ina `ave one` badala ya `ave running`: kila hatua 1,000 unapata fungu lake. Mahali pa wimbi kwa fungu hilo usipatafute kwenye mchirizo, kwa sababu una makelele ya asilimia moja hivi. Patafute kwenye safu ya `np`, yaani idadi ya chembe zote kisandukuni. Idadi ya seli zilizo kabla ya wimbi ni (152,836 − np) / 282.1. Kwa np ya 96,418 inatoka 200, katikati kabisa. Sogeza kila fungu kwa kiasi hicho, kisha jumlisha. Unapojumlisha `u` na `usq`, zidisha kwanza kwa `nrho` ya fungu lake halafu gawanya mwishoni, la sivyo Tx itapotoka katikati ya wimbi, palepale unapoihitaji. Fungu lililosogea zaidi ya seli 40 litupe. Kingo za kisanduku zinakuwa karibu mno. Molekuli za moto zinazorudi mbele zinafanya halijoto ianze kupanda mapema sana kuliko msongamano, na mkia huo unahitaji nafasi.

Shimo la tatu liko kwenye faili `ar.vss`. Lifungue ulisome kabla ya kuliamini, hata kama limekuja na programu. Kila mstari una kipenyo cha molekuli, kipeo cha mnato (mnato unavyopanda kwa halijoto), halijoto rejea na alfa (molekuli zinavyotawanyika zikigongana). Kwa agoni kuna jozi mbili halali: kipenyo 4.17e-10 na alfa 1, au 4.11e-10 na alfa 1.40. Ukichanganya kipenyo cha jozi moja na alfa ya nyingine, mnato unakosea kwa asilimia 3 na unene wa wimbi unaufuata.

Kipeo chenyewe ni mjadala mkubwa zaidi. Thamani ya kawaida ni 0.81, nayo inafaa karibu na halijoto ya chumba. Lakini wimbi la Mach 8 linapita hadi zaidi ya 6,000 K, ambako mnato wa agoni haupandi kwa kasi hiyo. Alsmeyer, aliyepima michirizo ya msongamano kwa mwale wa elektroni mwaka 1976, vipimo ambavyo hadi leo ndivyo kila mtu anajilinganisha navyo, alipata kwamba 0.72 inaoana vizuri zaidi. Tofauti si ndogo: ukianzia mnato uleule kwenye 300 K, kwenye halijoto ya mwisho 0.81 inatoa mnato mkubwa kwa asilimia 31 kuliko 0.72. Wanaobadilisha kipeo wanasahau kipenyo. Ukiandika 0.72 na kuacha 4.17e-10, mnato wa 273 K unashuka kwa karibu asilimia 8, na umebadilisha vitu viwili badala ya kimoja. Kwa alfa 1, kipenyo kinachorudisha mnato wa 273 K ni 4.00e-10.

Kuhusu umeme kukatika: SPARTA ina amri ya `restart` inayohifadhi chembe na gridi kila hatua unazotaka, na inafanya kazi vizuri. Ila haihifadhi wastani uliokwisha kukusanywa na `fix ave/grid`. Ukiwa na `ave running`, saa zote za kukusanya zimepotea. Ukiwa na mafungu ya `ave one` yaliyoandikwa kwenye diski, unapoteza fungu moja tu. Pia baada ya `read_restart` lazima urudie `collide`, `emit/face` na `bound_modify`. Ukisahau ya kwanza, chembe zitapishana bila kugongana na wimbi litayeyuka mbele ya macho yako.

Kasi inaridhisha. Kazi yote ya hapo juu, chembe laki moja kwa hatua 220,000, inaingia kwenye kompyuta mpakato ya kawaida ndani ya siku moja bila shida, na kumbukumbu inayotumika ni kidogo sana. Kuongeza viini kunasaidia hadi vinne au vinane. Zaidi ya hapo, kwa seli 400, mawasiliano kati ya viini yanakula faida.

Je, si afadhali uandike programu yako? Kwa agoni na wimbi moja, DSMC ya mwelekeo mmoja ni mistari mia tatu hivi ya Fortran au C, na mwanafunzi atajifunza zaidi kwa kuiandika kuliko kwa kuhariri faili la amri. Ningemshauri afanye hivyo kwanza, kisha alinganishe na SPARTA. Ukitaka kubaki ndani ya OpenFOAM, mkusanyiko wa bure wa programu za mtiririko, `dsmcFoam` ipo, lakini kwa kazi hii sioni inachoongeza zaidi ya mafolda ya kujaza.

SPARTA inaanza kulipa pale gesi inapokuwa nitrojeni, au wimbi linapokutana na kitu kigumu. Kwa nitrojeni unaongeza `collide_modify rotate smooth`, na faili la spishi linabeba kiwango cha molekuli kubadilishana nishati ya mzunguko: 0.2 ina maana mgongano mmoja kati ya 5. Halijoto ya mzunguko itaonekana ikichelewa nyuma ya ile ya mwendo. Kumbuka hapo gama, uwiano wa joto mahususi mbili za gesi, si 5/3 tena, kwa hiyo namba zote za Rankine-Hugoniot, kasi ya pistoni na ile kanuni ya `np` zinapigwa upya. Chini ya halijoto ambayo mtetemo unaamka tumia 7/5. Juu yake, uwiano wa upande wa baada hautoki tena kwenye kanuni fupi, na pistoni iliyopewa kasi isiyo sahihi italisukuma wimbi taratibu upande mmoja hadi liguse ukingo.